Ulimi na Kisasi: Jinsi Usaliti Unavyojulikana katika Jamaa ya Corleone

Utangulizi

Mwaka 1969 Mario Puzo, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa New York na wazazi wahamiaji kutoka Italia, alitoa riwaya yake The Godfather. Mwaka 1972 Francis Ford Coppola aliitengeneza kuwa filamu, naye na Puzo ndio waliotayarisha hati yake. Sehemu ya pili ya filamu ilifuata mwaka 1974. Hapa kwetu wengi wanaijua hadithi hii kwa jina lake la Kifaransa, Le Parrain, na ukiwauliza wanakumbuka nini watakutajia bunduki, magari meusi na sauti ya Marlon Brando.

Makala hii inataka kuonyesha jambo lingine. Katika hadithi ya jamaa ya Corleone, bunduki hufika mwisho. Kinachotangulia ni maneno. Kila msaliti anajulikana kwa kitu alichosema au alichofanya kitumwe kama ujumbe, na kila kisasi kinatayarishwa kwa kiapo, swali, sifa au busu. Ndiyo maana tunaona hadithi hii inastahili kusomwa katika kitivo cha lugha, wala si katika masomo ya filamu peke yake. Tutatumia neno "jamaa" kwa maana tunayoijua hapa Kongo, yaani familia pamoja na wote wanaohesabiwa kuwa wa nyumba, kwa sababu ndiyo maana ambayo Puzo anaifanyia kazi: kundi la wahalifu linalojiita familia, na familia ya damu inayoishi kama kundi la wahalifu.

1. Kisa kwa ufupi

Hadithi inaanza mwaka 1945, siku ya harusi ya Connie, binti wa Don Vito Corleone, anayeolewa na Carlo Rizzi. Vito ana wana watatu: Sonny mwenye hasira, Fredo aliye dhaifu, na Michael aliyerudi kutoka vitani na asiyetaka kuingia katika kazi ya baba. Yuko pia Tom Hagen, aliyelelewa nyumbani kama mtoto na ambaye ni mshauri wa Don. Chini yao wako wakuu wawili wa kazi, Clemenza na Tessio, rafiki za Vito tangu ujana.

Mfanyabiashara wa dawa za kulevya, Sollozzo, anaomba msaada wa Vito naye anakataliwa. Vito anapigwa risasi barabarani lakini anapona. Michael anamwua Sollozzo pamoja na afisa wa polisi, kisha anakimbilia Sicilia. Sonny anauawa kwenye peaji, mahali pa kulipia barabara. Vito anafanya amani na jamaa nyingine, Michael anarudi na kushika uongozi, Vito anakufa kwa uzee, na siku ya ubatizo wa mtoto wa Connie maadui wote wanauawa kwa pamoja. Carlo naye anauawa, shemeji wa Michael. Katika sehemu ya pili ni zamu ya Fredo, ndugu wa tumbo moja.

2. Neno moja mbele ya mgeni

Mabaya yote yanaanzia katika mazungumzo. Sollozzo anapoeleza biashara yake, Vito anakataa kwa upole. Lakini katikati ya maneno Sonny anadakia, na kwa kudakia kwake anaonyesha kwamba yeye biashara hiyo ingempendeza. Mgeni akiondoka, baba anamkaripia mwanawe: mtu wa nje hapaswi kujua mtu wa ndani anawaza nini.

Tuangalie uzito wa kosa hili. Sonny hakutoa siri yoyote. Hakutaja jina, pesa wala mahali. Alichotoa ni tofauti ya mawazo kati ya baba na mwana, nayo ilitosha. Sollozzo alihesabu hivi: baba akiondoka, mwana atakubali. Kwa hiyo Vito akapigwa risasi. Wanafunzi wa pragmatiki watamkumbuka Paul Grice na makala yake ya mwaka 1975, inayofundisha kwamba msikilizaji hutoa maana zaidi ya zile zilizotamkwa. Sonny alidhani amesema neno dogo tu, lakini Sollozzo alisikia yale yaliyokuwa nyuma ya neno. Wazee wetu walisema mapema kuliko Grice kwamba ulimi hauna mfupa.

3. Wasaliti watatu, alama tatu

Msaliti wa kwanza ni Paulie Gatto, dereva na mlinzi wa Don. Siku Vito anapopigwa risasi, Paulie amesema kwamba anaumwa. Ni Fredo peke yake aliye karibu na baba, naye anashindwa hata kuishika bunduki yake vizuri. Alama ya Paulie ni udhuru wa kawaida kabisa, ambao siku nyingine yoyote usingekuwa na maana. Maana yake inatoka katika siku uliyotolewa.

Wa pili ni Carlo. Huyu hasemi kitu kwa jamaa. Anatumia mwili wa mke wake kama barua. Anajua kwamba Sonny hawezi kuvumilia dada yake apigwe, kwa sababu Sonny mwenyewe aliwahi kumpiga Carlo hadharani kwa ajili hiyo. Basi Carlo anachochea ugomvi nyumbani, anampiga Connie, Connie anapiga simu akilia, na Sonny anatoka mbio peke yake kwenye gari. Wauaji wanamngoja kwenye peaji. Usaliti huu ni ujumbe uliotungwa kwa ajili ya msomaji mmoja ambaye mtungaji anamfahamu vizuri. Mtu wa nje asingeweza kuutunga. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kimeingia nguoni kwa njia ya ndoa.

Wa tatu ni Tessio. Kabla ya kufa, Vito anampa Michael kanuni ya kumtambua: atakayekuja na pendekezo la mkutano na Barzini, akihakikisha usalama, huyo ndiye msaliti. Siku ya mazishi ya Vito, Tessio ndiye anayelileta pendekezo hilo. Tom Hagen anashangaa, maana yeye alimfikiria Clemenza. Michael hashangai, anasema kwamba Tessio siku zote alikuwa na akili zaidi.

Tuone ufundi wa kanuni ya Vito. Haichunguzi tabia ya mtu, uso wake, wala urafiki wa miaka. Inangoja tendo moja la usemi. Tessio angeweza kukaa kimya asijulikane milele, lakini usaliti usiosemwa haumfai adui kwa lolote. Ili usaliti ufanye kazi lazima upite mdomoni, na hapo mdomoni ndipo Michael anaposubiri. Ndiyo maana kisasi chake ni cha subira: anayesubiri hana la kufanya ila kusikiliza.

4. Kiapo na kiambishi

Baada ya kifo cha Sonny, Vito anawakusanya wakuu wa jamaa nyingine na kutangaza kwamba hatalipiza. Anaapa kwa roho za wajukuu wake kwamba si yeye atakayeivunja amani. Wote wanakubali na kukumbatiana. Katika mkutano huohuo Vito anatambua kwamba Tattaglia hakuwa na akili ya kupanga kifo cha Sonny, na kwamba aliyekuwa nyuma ya yote ni Barzini. Anaondoka akiwa na jina la adui, na kiapo chake kimebaki kizima.

Darasa la sarufi linaweza kuanzia hapa. Katika Kiswahili, kitenzi cha kiapo kama hiki hubeba kiambishi kinachoonyesha mtendaji wake. Tukitafsiri kiapo hiki tutasema "sitavunja" au "hatutavunja", na tofauti ya viambishi hivyo viwili ni tofauti ya uhai na kifo. Vito anaapa kwa umoja. Wasikilizaji wake wanasikia wingi, kwa sababu mkuu wa jamaa akisema "mimi" watu huelewa "sisi". Vito anafahamu kwamba wataelewa hivyo, na hawasahihishi. Akafa bila kukivunja kiapo chake. Aliyeivunja amani ni Michael, ambaye hakuapa.

Mfasiri akiandika "hatutavunja", atamfanya Vito kuwa mwongo na ataibomoa hadithi nzima. Huu ni mfano mzuri wa kuwaonyesha wale wanaodhani kwamba viambishi ni mambo ya mtihani tu.

5. Ubatizo: maneno yanayotenda

J. L. Austin, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alieleza kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ni kutenda: kuahidi, kuapa, kubatiza. Filamu ya Coppola inayaweka maneno ya aina hiyo mahali pa kutisha. Michael anasimama kanisani kama baba wa ubatizo wa mtoto wa Carlo na Connie. Padri anamwuliza kama anamkana Shetani na kazi zake, naye anaitikia kwamba anamkana. Kila jibu linakatizwa na picha za watu wake wakiwaua maadui mjini na kwingine. Kufunganisha huku ubatizo na mauaji katika mfululizo mmoja ni kazi ya filamu.

Hapa jina la hadithi linapata maana zake zote. Kwetu, parrain ni mtu wa kanisani na wa harusini. Ni mzazi wa pili, aliyejifunga kwa maneno mbele ya Mungu na mbele ya watu. Michael anakuwa parrain wa mtoto na parrain wa wauaji katika saa moja. Na baba wa mtoto huyo ndiye atakayeuawa baada ya misa.

Tukifika kwenye kifo cha Carlo, tutazame maneno moja moja. Michael anamkuta nyumbani na kumwambia kwamba lazima ajibu kwa ajili ya Sonny. Carlo anatetemeka. Michael anamtuliza kwa swali: je, anadhani angemfanya dada yake kuwa mjane? Halafu anamkumbusha kwamba yeye ni baba wa ubatizo wa mtoto wake. Swali hilo si ahadi. Hakusema kwamba hatamwua. Alimwachia Carlo mwenyewe kazi ya kujibu, na Carlo akajibu moyoni kama kila mtu angejibu. Kisha Michael anavuka mpaka: anamwambia kwamba adhabu yake ni kutolewa katika kazi ya jamaa, na anampa tiketi ya ndege ya Las Vegas. Carlo anakiri kwamba aliyemjia ni Barzini. Anaingia garini, na Clemenza aliyeketi nyuma anamnyonga kwa kamba.

Muda mfupi baadaye Connie anaingia akilia na kumshtaki kaka yake. Kay, mke wa Michael, anauliza kama ni kweli. Michael anamruhusu aulize mara hii moja kuhusu kazi yake, kisha anajibu kwamba si kweli. Kay anaamini, au anataka kuamini, na mlango unafungwa mbele yake.

6. Fredo, na neno ambalo Kiingereza hakina

Sehemu ya pili inapeleka jambo hili hadi kwenye damu. Hadithi ya Michael na Fredo haikutoka katika riwaya. Iliandikwa kwa ajili ya filamu ya 1974. Watu wa Hyman Roth wamejaribu kumwua Michael nyumbani kwake, na msaada ulitoka ndani. Michael hajui ni nani. Huko Havana, Fredo anasema kwamba hamfahamu Johnny Ola, mtu wa Roth. Usiku wa mwisho wa mwaka 1958, katika klabu ya usiku, Fredo akiwa amelewa na kufurahi anawaeleza wenzake kwamba aliyemwonyesha mahali pale ni Johnny Ola. Michael anasikia. Saa sita ya usiku anambusu ndugu yake mdomoni kwa nguvu na kumwambia kwamba amejua ni yeye.

Tena ni ulimi. Hakuna mpelelezi wala shahidi. Kuna sentensi mbili za mtu mmoja zisizopatana.

Baadaye Fredo anaeleza uchungu wake: alirukwa. Yeye ndiye mkubwa, na mdogo ndiye aliyepewa kumtunza. Hapa mfasiri wa Kiswahili ana bahati ambayo mwandishi wa Kiingereza hakuwa nayo. Neno la Kiingereza la ndugu halisemi nani alizaliwa kwanza. Lazima Fredo aongeze maelezo. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, Michael angepaswa kumwita Fredo "yaya" kila siku ya maisha yake, na Fredo angemwita "mdogo wangu". Lakini yaya huyu hutumwa kuwapokea wageni uwanja wa ndege na kuwatafutia starehe. Katika lugha yetu kila salamu ingekuwa inalitonesha donda. Fredo aliuza jamaa kwa sababu alitaka mtu amtambue kama mtu mwenye haki yake, wala si kwa tamaa ya pesa peke yake. Usaliti wake haustahili sifa, lakini unastahili kusikilizwa, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyemsikiliza kabla ya kosa.

Michael anatoa amri: Fredo asiguswe maadamu mama yao yu hai. Mama anakufa. Connie anamwomba Michael asamehe. Michael anamkumbatia Fredo kwenye msiba, na juu ya bega la ndugu yake anamtazama Al Neri, mtu wake wa kuua. Baadaye Fredo anakwenda ziwani na Neri kuvua samaki. Alikuwa amemfundisha mtoto wa Michael kwamba ukisema Salamu Maria utapata samaki. Anaanza sala hiyo, na mlio wa risasi unasikika juu ya maji.

7. Subira ya namna gani?

Sasa tunaweza kupanga hatua tulizoziona kama ngazi inayoshuka. Vito anaapa kiapo cha kweli ambacho wengine wanakielewa vibaya. Michael anamwuliza Carlo swali linalodanganya, kisha anamdanganya waziwazi. Anamdanganya mke wake kwa jibu fupi. Na kwa Fredo hakuna tena neno. Kuna kumbatio kwa mikono na amri kwa macho. Katika kila hatua lugha inapungukiwa na ukweli, mpaka inabaki ishara tu. Na katika kila hatua anayedanganywa yuko karibu zaidi: kwanza wapinzani, halafu shemeji, halafu mke, halafu ndugu.

Kiswahili kinasifu subira. Tunasema subira yavuta heri, na mvumilivu hula mbivu. Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, Michael si mvumilivu? Alimngoja Carlo miaka, akamngoja Barzini mpaka baba afe, akamngoja Fredo mpaka mama azikwe. Jibu letu ni kwamba methali hizi zinasema juu ya mtu anayevumilia huku mlango wa heri ukiwa wazi: mgonjwa apone, deni lilipwe, ndugu arudi. Subira ya Michael imefunga mlango huo tangu siku ya kwanza. Muda kwake hautumiki kubadili hukumu. Unatumika kuifanya hukumu isionekane. Mama yake alipokuwa hai, Fredo hakuwa amesamehewa. Alikuwa ameahirishwa.

Tunda lake tunaliona mwishoni mwa sehemu ya pili: Michael ameketi peke yake nje, amewashinda maadui wote, na hakuna aliyebaki ambaye anaweza kumwamini neno lake. Alisema anaua ili kuilinda jamaa. Lakini jamaa ni watu wanaoweza kuaminiana wakisema "usiogope". Mtu aliyelitumia neno hilo kama kamba ya kunyongea hawezi kulitumia tena kumtuliza mtoto.

Hitimisho

Watazamaji wengi, nasi tumo, hufurahia akili ya Michael. Filamu inatutega: inatufanya tungoje kisasi pamoja naye, na kinapofika tunajisikia kama tumeshinda. Kusoma hadithi hii kwa jicho la lugha kunatusaidia kutoka katika mtego huo, kwa sababu kunatulazimisha kuuliza kila mara: nani amesema nini, nani ameelewa nini, na nani amelipa gharama ya tofauti iliyopo. Anayelipa ni Connie, Kay, na mtoto aliyepewa baba wa ubatizo na kupoteza baba mzazi siku moja.

Maswali ya kufanyia kazi

1. Tafsiri kiapo cha Vito kwa njia mbili, kwa umoja na kwa wingi, kisha eleza wasikilizaji wangekuwa na haki gani ya kulalamika katika kila hali.
2. Swali la Michael kwa Carlo kuhusu dada yake: je, ni uongo? Tetea jibu lako.
3. Chagua maneno ya kuitana kati ya Fredo na Michael katika Kiswahili unachokisema nyumbani. Onyesha namna yanavyobadilisha mandhari yao ya ugomvi.
4. Tafuta katika mapokeo ya simulizi ya kwenu kisa cha msaliti wa ndani. Anajulikana kwa neno, kwa kimya, au kwa tendo? Linganisha na Tessio.